Kiswahili si Lugha ya Hadithi za Kubuni Pekee

Kwa muda wa miezi minne hivi nimekuwa nikisoma vitabu visivyohusiana hata kidogo na mihadhara yangu. Mwalimu wa isimu aghalabu husoma makala juu ya vitenzi na vishazi hadi akasahau kwamba lugha hiyo hiyo anayoichambua imeandikiwa vitabu vya kumkosesha mtu usingizi. Nimesoma riwaya, tawasifu na vitabu vya historia, vingine kwa mara ya kwanza, vingine kwa mara ya tatu au ya nne, na leo nataka kutoa maoni yangu juu yavyo, hasa kwa walimu wenzangu na wanafunzi wao. Simlazimishi mtu kukubaliana nami. Hata hivyo, kuna jambo moja lililojitokeza katika kusoma huko ambalo naliona zito. Kila nilipotaka riwaya nilikuwa na Kiswahili tele cha kuchagua. Nilipotaka kitabu cha Mkenya anayesimulia maisha yake mwenyewe, mkono ulikwenda karibu kila mara kwenye rafu ya Kiingereza.

Msomaji na atazame rafu yake mwenyewe. Jaramogi Oginga Odinga alitoa Not Yet Uhuru mwaka 1967. Wangari Maathai alitoa Unbowed mwaka 2006. Binyavanga Wainaina alifuata na One Day I Will Write About This Place mwaka 2011. Hata marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuhimiza kwa miaka mingi kuandika kwa lugha zetu na ambaye riwaya zake za baadaye alizitunga kwa Kikikuyu, kumbukumbu za utoto wake alizoziita Dreams in a Time of War, zilizochapishwa mwaka 2010, aliziandika kwa Kiingereza. Sisemi haya kwa kumsuta. Nayasema kwa sababu yakimpata yeye, seuze sisi wengine? Ni kana kwamba tumekubaliana kimyakimya kuwa Kiswahili kitumike kubuni, na Kiingereza kitumike kusema yaliyotokea kweli.

Lakini haikuwa hivyo tangu zamani, na hapo ndipo kitabu cha kwanza katika orodha yangu kinapoingia. Kitabu chenyewe ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis, Mtanzania anayefundisha Kiswahili jijini London, akatuletea tafsiri hiyo kupitia kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Riwaya yenyewe inamhusu Yusuf, kijana wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz ambaye amezoeshwa kumwita kwa jina la ujamaa. Baadaye ndipo anapofahamu kutoka kwa Khalil, kijana mwenziwe wa dukani, kwamba tajiri yule si jamaa yake wala nini; yeye amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Niliisoma kwanza kwa Kiingereza, nikaipenda. Nilipoisoma kwa Kiswahili nilipata hisia ngeni: kana kwamba hii ndiyo asili, na ile ya kwanza ndiyo tafsiri. Wahusika wale katika maisha yao wangezungumza Kiswahili, na pengine Kiarabu kidogo. Msomaji wa Kiingereza alikuwa akisikia maneno yao kwa kinywa cha mkalimani. Mnyapara wa msafara alikuwa mnyapara hata katika kitabu cha Kiingereza, kwa kuwa Gurnah hakuona neno jingine la kumfaa. Chukua pia lile jina la ujamaa ambalo Yusuf anamwitia Aziz. Kiingereza kina neno moja tu la kutaja ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kiume wa mama. Mswahili hana budi kuamua kama ni ami au ni mjomba, na uamuzi huo unabadilisha aina ya haki na wajibu uliopo kati ya mtu mzima na mtoto. Katika kitabu ambacho udugu umetumiwa kufunika deni, hilo si jambo dogo. Mwanafunzi wa tafsiri na asome vitabu vyote viwili bega kwa bega, aone mfasiri ameamua nini na kwa nini. Mimi naona mazungumzo ndiyo yaliyofaidi zaidi, hasa yale ya Kalasinga, fundi Kalasinga kweli kwa jina na kwa asili, ambaye ndoto yake ni kuifasiri Kurani kwa Kiswahili na ambaye marafiki zake hawaishi kumtania.

Sasa tazama jambo la ajabu. Wahakiki wa Gurnah wameonyesha kwamba safari ya msafara wa Aziz kwenda bara, pamoja na mikasa ya mahongo, maradhi na watawala wenye hasira, ina deni kubwa kwa maandishi ya Waswahili wenyewe, yale yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Humo wasafiri wa pwani wanaeleza, kwa Kiswahili na kwa nafsi ya kwanza, walikopita na waliyoyaona. Kwa hiyo Waswahili waliandika kweli yao kwa Kiswahili. Karibu karne moja baadaye mwana wa pwani akaigeuza kuwa hadithi ya kubuni kwa Kiingereza. Na sasa hadithi hiyo imerudi kwetu kwa Kiswahili, nasi tunaipokea kana kwamba ni mgeni. Wangapi kati yetu wanaofundisha Kiswahili wamewahi kuyafunua maandishi yale ya kwanza?

Udadisi huo ndio ulionifanya nirudi kwa Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na Mjerumani mwingine, Heinrich Brode, akayageuza kwa hati za Kirumi na kuyachapisha mwanzoni mwa karne ya ishirini, kabla mwenyewe hajafariki Unguja mwaka 1905. W. H. Whiteley aliyafasiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1950. Nakishauri kitabu hiki kwa kila mwalimu, ingawa si kitabu cha kupendeza. Ni simulizi kavu. Kitenzi cha -ka- kinafuata kitenzi cha -ka-: watu wakaenda, wakafika, wakapigana, wakachukua pembe. Kijiji kinateketea kwa sentensi moja, kisha inafuata hesabu ya frasila. Mtunzi hajuti wala hajitetei. Anakutana na Livingstone na Stanley, na baadaye anapewa na Mfalme Leopold cheo cha kuitawala sehemu ya Kongo, lakini wazungu hao anawataja kama mtu anayewataja washitiri wake.

Ukavu huo ndio uliniogofya kuliko hadithi yoyote ya kubuni niliyosoma mwaka huu. Mtunzi wa riwaya, hata awe hodari namna gani, hushikwa na haja ya kumfanya mwovu aonekane mwovu. Tippu Tip hakuwa na haja hiyo, kwa kuwa alijiona mtu wa kawaida mwenye kazi ngumu. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi biashara ile ilivyoweza kudumu hatapata ushahidi wa wazi kuliko huu, na ameandikiwa kwa lugha anayotahiniwa.

Upande wa pili wa mambo hayo hayo tunao pia, nao umeandikwa na Mkenya. James Juma Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Yeye alikuwa mzao wa watu waliokombolewa na kuletwa Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875. Hadi leo kengele yao ipo, na mahali pale panaitwa Kengeleni. Mbotela anaeleza jinsi watu walivyotekwa huko bara, walivyopakiwa majahazini, walivyookolewa baharini na kuanza maisha mapya kati ya watu wasiojuana kwa kabila wala kwa lugha. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ni ya haki. Sura zake za mwisho zinasomeka kama barua ya shukrani kwa serikali. Lakini ondoa sifa hizo, na kinachobaki ni sauti ya watu ambao Tippu Tip aliwahesabu pamoja na mizigo. Nilivisoma vitabu hivi viwili wiki moja, kimoja usiku na kingine mchana, na nasema bila kusita kwamba sijapata somo la historia lililonigusa namna hiyo. Vyote viwili ni Kiswahili. Hakuna hata kimoja kilicho riwaya, ingawa cha Mbotela tumezoea kukipanga pamoja na riwaya za mwanzo, kwa sababu tu hatujui tukiweke wapi.

Kwa Shaaban Robert nitapita haraka, maana wengi wanamfahamu. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni tawasifu ya mtu mwenye staha, karani wa serikali ya kikoloni aliyechagua kusema kidogo juu ya madhila na mengi juu ya wajibu. Anayetafuta humo siri za watu hatazipata. Mimi huvumilia mawaidha yake kwa ajili ya kurasa anazomlilia mkewe Amina, na za tenzi alizowaandikia wanawe wawili, wa kike na wa kiume. Napenda zaidi Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika baada ya kuzungumza na mwimbaji huyo mwishoni mwa maisha yake. Siti alizaliwa Fumba, katika jamaa ya wafinyanzi, akapita akiuza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Shaaban Robert anamwandikia kwa heshima ambayo watu wa tabaka la juu walimnyima. Ni kitabu chembamba. Kinaweza kusomwa na Kidato cha Pili kwa vipindi vinne.

Nimetaja kidato makusudi. Katika shule zetu za upili mwanafunzi hufundishwa kwamba tawasifu ni maelezo ya mtu kuhusu maisha yake mwenyewe, na wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu mwingine. Hufundishwa sura ya insha hizo, na anaweza kuulizwa aandike mojawapo katika karatasi ya kwanza ya KCSE. Kisha akija kwenye karatasi ya fasihi, vitabu alivyoteuliwa ni riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Kutoka Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora hadi Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, amesoma riwaya za kubuni. Vitabu hivyo sina ugomvi navyo. Chozi la Heri, kwa mfano, inasema juu ya watu waliopoteza makwao mambo ambayo magazeti hayakuyasema vizuri hivyo. Ugomvi wangu ni huu: tunamtahini mtoto katika kuandika tawasifu ilhali hatujampa hata moja ya kusoma. Ndiyo maana insha tunazosahihisha huanza zote kwa tarehe ya kuzaliwa na kuishia kwa shukrani kwa wazazi. Mtoto hajui kwamba mtu anaweza kuanza kuyasimulia maisha yake kwa harufu ya mvua au kwa deni.

Lau angepewa Nasikia Sauti ya Mama angejua. Walibora, ambaye tulimpoteza Aprili 2020 kwa ajali ya barabarani jijini Nairobi, aliandika humo habari za maisha yake mwenyewe: utoto wa Cherangany, mama, shule, na jinsi Kiswahili kilivyomteka mtoto wa bara mpaka kikawa kazi yake na jina lake. Kwa miaka mingi nimesikia wanafunzi wakidai kwamba Kongowea, yule kijana wa Siku Njema anayetoka Tanga kumtafuta baba yake Kitale, ni Walibora mwenyewe. Tawasifu inawapa fursa ya kulinganisha. Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, imepambwa kwa tamathali na misemo mpaka mahali pengine msomaji anatamani apumzike. Nasikia Sauti ya Mama ni nyepesi zaidi, inacheka, haina haraka ya kuonyesha msamiati. Kwa maoni yangu ndiyo nathari bora aliyotuachia, na najua kuna wenzangu watakaonijia juu kwa kusema hivyo.

Adam Shafi naye anatupa jozi ya namna hiyo. Haini, ya mwaka 2003, ni riwaya inayohusu kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume mnamo Aprili 7, 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini wakati huo. Mbali na Nyumbani, iliyotoka miaka kumi baadaye, inasimulia safari yake ya ujanani kutoka Unguja kwenda kaskazini hadi Misri, akiwa na njaa ya kufika Ulaya na bila ya karatasi za kumfikisha. Hiki cha pili ni kirefu, na katikati kinachosha kidogo. Lakini kina kitu ambacho Haini, pamoja na ukali wake wote, haina: vichekesho vya mtu anayejikumbuka alivyokuwa mjinga.

Hapa nasikia pingamizi, tena pingamizi la maana. Mtu atasema: Shafi alichagua riwaya kwa mambo ya jela kwa sababu riwaya ni ngao. Ukiandika kwamba mhusika wako aliteswa, hakuna atakayekupeleka mahakamani. Ukiandika kwamba fulani alikutesa, jiandae. Sikatai. Lakini J. M. Kariuki aliandika habari za kambi alimofungwa, na kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1963 kikatolewa kwa Kiswahili mwaka 1965 kwa jina la Mau Mau Kizuizini. Hofu basi haikuchagua lugha. Kama tunaogopa, mbona tunayasema hayo hayo kwa Kiingereza? Au ni kwa kuwa kwa Kiingereza tunajua kuwa jirani yetu hatasoma?

Sababu iliyo nzito zaidi, nadhani, ni soko. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, na shule hununua kilichoteuliwa. Tawasifu ya Kiswahili haina karatasi ya mtihani inayoisubiri, kwa hiyo mwandishi hashawishiki kuiandika, na mchapishaji akiletewa huuliza itafundishwa wapi. Hilo halitatengenezwa kwa kuwahimiza waandishi wawe wazalendo. Litatengenezwa siku wanaoteua vitabu watakapoweka tawasifu moja tu, moja, mahali pa riwaya kwa mzunguko mmoja.

Hadi hapo itakuwa kama ilivyo, nasi tutaendelea kumsoma Maathai kwa Kiingereza. Nimekisoma tena kitabu chake, na kurasa zilizonishika si zile za Uhuru Park wala za tuzo ya mwaka 2004, bali zile za utotoni Nyeri: mgumo ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kijito kilichokuwa karibu, na mayai ya vyura aliyojaribu kuyatia mkononi ayavae kama ushanga, yakamponyoka kila mara. Kisha anakwenda shule ya bweni, ambako mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama alivishwa beji ya aibu. Anaeleza kwamba mambo hayo yaliwafanya wazizoee lugha za wengine na kuzidharau zao. Nimesoma maneno hayo kwa Kiingereza, nikaweka kitabu chini kwa muda.

Binyavanga, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa na neno lake mwenyewe kwa mambo haya. Alipokuwa mtoto Nakuru alibuni neno kimay, la kutaja ile milio ya lugha za watu waliomzunguka ambazo hakuzifahamu, milio iliyomtia wasiwasi na kumvuta kwa wakati mmoja. Mwanaisimu anaweza kuandika tasnifu nzima juu ya neno hilo. Lina umbo la Kibantu, lina kiambishi ki- kama majina ya lugha zetu zote, na limeundwa na mtoto aliyekuwa akisoma riwaya za Kiingereza usiku na mchana. Nathari yake inarukaruka, sentensi zake zimekatika, na si kila msomaji atamvumilia. Mimi nilimvumilia kwa furaha. Nikajaribu kufasiri kurasa zake chache kwa ajili ya darasa langu. Mazungumzo ya matatu na ya sokoni yalikuja yenyewe, kana kwamba yalikuwa yamekaa tu yakingoja kurudishwa. Kilichonitoa jasho ni zile sehemu anazofikiri peke yake. Wanafunzi wakasema zinasikika si za Kiswahili. Nikawauliza, Kiswahili cha mtu anayefikiri peke yake mmekisoma wapi? Mmoja akataja Kezilahabi. Wengine wakanyamaza.

Kwa mwalimu ambaye hawezi kungoja orodha ya vitabu teule ibadilike, nina pendekezo dogo lisilogharimu kitu. Kabla ya kuwapa Kidato cha Tatu insha ya tawasifu, awasomee kwa sauti kurasa mbili za Tippu Tip na mbili za Mbotela, bila ya kuwaambia ni za nani. Awaulize nani anasema, anasema na nani, na nini amekiacha bila kukisema. Baada ya hapo ndipo wafungue daftari.